Drasena fupi inayokauka ncha: tatizo liko kwenye maji

Swali la msomaji: "Mtaalamu, salamu kutoka Himbi, hapa Goma. Miezi minane iliyopita nilinunua drasena fupi ya kuweka saloni, ile ya majani mafupi yaliyosongamana, kijani kilichokolea. Ilifika inang'aa. Sasa ncha za majani zimekuwa kahawia, nyuma yake kuna mstari wa njano, na majani ya chini yameanza kulegea. Naimwagilia kikombe kimoja kila baada ya siku moja, maji ya bomba nikiyapata, la sivyo ya ziwa ya bidoni. Niliambiwa niyaache maji yalale usiku kucha kwanza, nami nafanya hivyo. Jirani anasema ni kiu, niongeze maji. Mama mkwe anasema nitie majivu ya babula, jiko letu la makala. Iko juu ya kabati la televisheni, mbali na dirisha ili jua lisiiunguze, na kila Jumamosi naipangusa kwa mafuta kidogo. Nifanye nini isife? Na je, ni kweli kwamba inasafisha moshi wa makala ndani ya nyumba?"

Dada, pole, na tafadhali usiongeze maji. Jirani ameona ncha kavu akadhani kiu, na karibu kila mtu hudhani hivyo. Ila mmea wenye kiu ya kweli hukauka udongo wake kwanza, majani yakajikunja na kupoteza wororo jani zima. Wako una udongo uliolowa muda wote, ncha zilizokufa na mstari wa njano nyuma yake. Dalili hizo nimeziona kwenye drasena nyingi za mji huu, na kwa sehemu kubwa zinatokana na kile kilichomo ndani ya maji tunayoimwagilia. Wingi wa maji na giza la pale kwenye kabati vinaongezea tu.

Ili uelewe, fikiria mmea huu ulitoka wapi. Drasena yako ni aina fupi ya Dracaena fragrans, mti wa misitu ya Afrika ya tropiki, Kongo yetu ikiwemo. Wataalamu wa mimea waliwahi kuiita Dracaena deremensis, kwa jina la Derema, mahali palipo kwenye milima ya Usambara, Tanzania. Wachaga wa Kilimanjaro wanaijua kama isale, wanaipanda mipakani mwa mashamba, na jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Aina yako iliyodumaa ilipatikana kwa wakulima wa maua, kutoka kwenye aina iitwayo Janet Craig, wakaipenda kwa sababu haikui haraka na haijazi nyumba. Lakini mahitaji yake yamebaki yale ya msituni: kivuli chenye mwanga wa kutosha, udongo mwepesi wa majani yaliyooza, na maji ya mvua ambayo karibu hayana chumvi yoyote. Saloni ya Himbi inaweza kuupa vyote hivyo. Kinachokosekana kwako zaidi ni hicho cha mwisho.

Ziwa Kivu si ziwa la maji laini. Chemchemi zinazopita kwenye miamba ya volkano huliingizia madini mengi, hivyo hata maji ya juu yana takriban gramu 1 ya chumvi kwa kila lita, hasa bikaboneti za sodiamu na magnesiamu, na pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na juu ya hapo hakuna asidi) iko karibu na 9. Ndiyo maana sabuni ukiifulia ziwani unaihisi tofauti na ya mvua. Na maji ya bomba hapa Goma, kwa sehemu kubwa, ni hayo hayo ya ziwa yaliyopampuliwa na kutiwa dawa. Kwa hiyo kubadilisha bomba na bidoni hakukubadilishia mmea kitu.

Sasa tupige hesabu ya chungu chako. Kikombe cha robo lita kila baada ya siku moja ni karibu lita 3 na nusu hadi 4 kwa mwezi. Kila lita inaleta gramu moja ya chumvi. Kwa miezi minane umetia karibu gramu 30, yaani vijiko vitano vya chai vilivyojaa, ndani ya chungu ambacho nadhani hakizidi lita mbili. Maji yanatoka, mengine kwa majani, mengine kwa kukauka juu ya udongo. Chumvi haiondoki na mvuke. Kama chungu hakichuruziki, au kinachuruzika kwenye sahani na mmea unayanywa tena yale yale, karibu chumvi yote hiyo bado imo humo. Angalia ukingo wa ndani wa chungu, pale udongo unapogusana na plastiki au simenti. Ukiona ukoko mweupe unaobanduka kwa kucha, ndiyo hiyo chumvi.

Kuna kitu cha pili ndani ya maji, ambacho hakionekani kwa macho wala hakiachi ukoko: floridi. Ni madini yale yale yanayowapa watoto madoa ya kahawia kwenye meno, katika sehemu ambazo maji ya kunywa yana floridi nyingi, na maeneo ya volkano kama yetu yamo kati ya sehemu hizo. Kwa binadamu, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Drasena ni dhaifu kuliko sisi kwa jambo hili. Inaweza kuumia hata kwa maji yenye chini ya miligramu 1, na ile ya kundi la Janet Craig, yaani yako, imo kati ya zile zinazoumia upesi.

Inavyofanyika ni hivi. Mizizi inanyonya maji pamoja na floridi, yanapanda shinani, yanaingia majanini, halafu maji yanatoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya jani. Floridi inabaki. Inasukumwa hadi pale safari ya maji inapoishia, kwenye ncha na kingo, na huko inarundikana mpaka chembe hai za jani zinakufa. Chukua jani moja uliweke mbele ya dirisha, ulitazame vizuri. Ncha iliyouawa na floridi huwa ya kahawia iliyoiva, kavu kama karatasi, na kati yake na kijani kizima kuna ukanda mwembamba wa njano, kama ule mstari uliouona wewe. Mara nyingine unaona pia vidoa vya kahawia vikifuata ukingo kuelekea chini. Jani lililoungua kwa jua huwa na baka jeupe au la rangi ya majani makavu katikati, upande uliotazama dirisha. Shina linalooza kwa maji ni laini ukilibonyeza, na udongo wake unanuka. Ukijua tofauti hizo hutahangaika na kila ushauri unaopewa mlangoni.

Kuhusu kuyalaza maji usiku kucha: aliyekuambia hakukudanganya, ila ushauri huo unahusu klorini. Klorini inapotea hewani maji yakikaa wazi. Floridi na chumvi hazipotei hata yakikaa wiki nzima. Kuchemsha ni vibaya zaidi, kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki, kwa hiyo unaishia na maji makali kuliko ulivyoanza. Chujio la udongo wa kuchoma linaondoa uchafu na vijidudu, haliondoi madini yaliyoyeyuka. Na ile dawa ya klorini wanayotia kwenye bidoni kando ya ziwa, dada yangu, usiiache hata siku moja kwa maji ya kunywa. Kipimo chake hakiuui mmea, na kipindupindu hakina mchezo.

Dawa ya drasena yako inaanguka juu ya paa lako bure. Goma tunapata mvua kwa miezi mingi, kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha Machi hadi Mei, na hata katikati hainyimi kabisa. Mvua inapoanza, acha dakika kumi au kumi na tano za kwanza zioshe mabati, maana vumbi na majivu yanakaa pale juu, ndipo uweke ndoo. Jaza bidoni ya lita 20 iliyosuuzwa vizuri, ifunge mbu wasitage, iweke mahali pasipo na jua. Mmea mmoja wa ukubwa wa wako hautakunywa hata lita 2 kwa mwezi ukiumwagilia inavyotakiwa. Bidoni moja itakuvusha Juni, Julai na Agosti, na itabaki.

Hapa niongeze neno kwa wasomaji wa Rusayo na Sake. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi zenye asidi, ya floridi ikiwemo, na mara nyingi upepo huusukuma upande wa magharibi, juu yenu. Mvua inayoanguka kupitia moshi huo inaweza kubeba floridi pia. Kwenu, kusanyeni mvua ya siku ambazo moshi hauko juu ya vichwa, na muoshe paa kwa muda mrefu zaidi. Himbi mnapata nafuu, lakini siku ukiona vumbi jeusi la volkano juu ya nguo zilizoanikwa, maji ya siku hiyo yamwage.

Mvua ikikosekana kabisa, changanya nusu ya ziwa na nusu ya mvua. Si sawa na mvua tupu, ila umepunguza mzigo kwa nusu. Maji ya chupa ya dukani sikushauri. Ni ghali, na mengine yana madini ya kutosha.

Tuje kwenye kuusafisha udongo uliojaa chumvi. Subiri upate lita nne au tano za maji ya mvua. Toa chungu nje, kwenye kivuli, hakikisha matundu ya chini yako wazi. Ukoko mweupe wa juu uukwangue na kuutupa pamoja na kidole kimoja cha udongo. Kisha mwaga maji polepole, lita moja, usubiri yachuruzike, lita nyingine, tena usubiri. Unatafuta kupitisha maji ambayo ni mara mbili ya ujazo wa chungu. Yale ya kwanza kutoka yatakuwa ya rangi ya chai na yenye povu kidogo, ya mwisho yatakuwa meupe zaidi. Usiache chungu kikae ndani ya maji yaliyotoka. Acha kichuruzike mpaka kisidondoshe tena, na baada ya hapo usimwagilie kwa wiki mbili au zaidi, mpaka udongo ukauke kama nitakavyoeleza. Rudia kazi hii kila baada ya miezi minne hivi ikiwa bado unachanganya maji ya ziwa. Ukitumia mvua tupu, mara moja kwa mwaka inatosha.

Kama ukichungulia chini hukuti tundu, basi hapo pana tatizo jingine la haraka. Vile vyungu vizuri vya kung'aa vinavyouzwa mjini mara nyingi havina tundu kwa sababu vilikusudiwa kuvalishwa juu ya chungu cha plastiki. Toboa, au hamisha mmea.

Majivu ya mama mkwe nayajibu kwa heshima, kwa sababu shambani yana kazi yake. Majivu ya makala hupunguza ukali wa udongo wenye asidi na huleta potasiamu. Na ni kweli kwamba floridi husumbua mimea zaidi kwenye udongo wenye asidi, ndiyo maana wakulima wa drasena hutia chokaa kidogo kuweka pH kati ya 6 na 6.8 hivi. Lakini wewe umemwagilia maji ya pH 9 kwa miezi minane. Udongo wako hauna asidi ya kuondolewa, una chumvi ya kupunguzwa, na majivu ni chumvi nyingine. Mweleze mama kwamba majivu yake yatafaa kwenye sombe na maharage nyuma ya nyumba.

Mbolea nayo iache kwa sasa, kwa miezi sita kamili. Mmea ulioumia mizizi haunufaiki na mbolea, na huu hata ukiwa mzima haukui haraka kiasi cha kuhitaji nyingi. Baadaye konzi moja ya mboji iliyoiva juu ya udongo, mara mbili kwa mwaka, inatosha. Kitu kimoja usikitie kamwe ni superfosfati, maana hutengenezwa kwa mawe ya fosfati ambayo yana floridi ndani yake.

Sasa, kumwagilia lini? Usihesabu siku. Chukua kijiti cha brosheti, kile cha mti, ukichomeke kwenye udongo karibu na ukingo mpaka kifike chini, ukiache dakika tano, ukitoe. Kikitoka na udongo umenata na mti umekuwa mweusi kwa unyevu, rudi baada ya siku nne. Kikitoka kikavu hadi nusu ya kina, mwagilia maji mengi mara moja mpaka yachuruzike chini, umwage ya kwenye sahani. Kwa saloni ya Goma, ambayo usiku inapoa hadi nyuzi 15 hivi, hii huangukia kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na wakati wa mvua nyingi inaweza kupita hata wiki tatu. Vikombe vidogo vya mara kwa mara ndivyo vibaya kuliko vyote. Vinalowesha juu, havisukumi chumvi itoke chini, na mizizi inakosa hewa. Majani yako ya chini yaliyolegea, kwa maoni yangu, yanatoka huko. Jani moja moja la chini kugeuka njano na kudondoka ni uzee wa kawaida, lakini kadhaa kwa pamoja ni mizizi inayolalamika.

Ukiutoa mmea chunguni utajua hali ya mizizi kwa kuitazama. Drasena nzima ina mizizi migumu, ya rangi ya chungwa au njano iliyoiva, na wengi wanaogopa rangi hiyo wakidhani ni ugonjwa. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Mizizi mibovu ni ya kahawia nyeusi, laini, na ukiivuta ganda linabaki mkononi, katikati panabaki kama uzi. Hiyo ikate kwa mkasi safi mpaka ukutane na mzizi mgumu.

Na ukifika hapo ni vizuri ubadilishe udongo pia. Hapa sisi watu wa Goma tuna bahati ambayo wakulima wa maua wa nchi nyingine wanailipia pesa. Mawe ya volkano, makoro haya tunayojikwaa nayo kila siku, yakipondwa kuwa changarawe ni mepesi, yana vitundu vinavyoshika maji kiasi na hewa kiasi. Chukua changarawe nyeusi ya ukubwa wa punje ya mahindi, chekecha vumbi, uioshe mpaka maji yatoke safi. Changanya sehemu moja ya changarawe na sehemu mbili za mboji nyeusi iliyoiva, ile ambayo ukiishika haina tena harufu ya kinyesi wala joto. Ukikamata konzi ya mchanganyiko na kuubana, ukiachia unatakiwa uvunjike wenyewe. Ukibaki donge, ongeza changarawe. Wengi wanapanga mawe chini ya chungu wakidhani yanasaidia maji kutoka. Hayasaidii. Maji husimama juu ya tabaka hilo, kwenye udongo, na mizizi inabaki ndani ya matope kwa kimo kifupi zaidi. Changarawe ichanganywe ndani ya udongo wote. Chungu kipya kisizidi cha zamani kwa zaidi ya vidole viwili vya upana, kwa maana udongo mwingi usio na mizizi unabaki umelowa.

Mwanga sasa. Ni kweli jua kali linaunguza drasena, na jua la hapa, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, lina makali. Ni kweli pia kwamba aina hii inavumilia kivuli kuliko mimea mingi ya nyumbani. Ila kuvumilia kuna mpaka. Kwenye kona yenye giza haikui, hainyonyi maji, udongo haukauki, na mizizi inaoza. Fanya jaribio hili saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa: weka kiganja chako kimo cha mkono juu ya karatasi nyeupe pale mmea ulipo. Ukiona kivuli cha mkono, hata cha kufifia, panafaa. Usipoona kivuli chochote, mmea unaishi kwa akiba yake.

Vitabu vya maua vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya vinasema dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini ni la kivuli. Kwetu haiko hivyo, na nimeona watu wakiunguza mimea kwa kufuata maneno hayo. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini wetu, kwa hiyo dirisha linalotazama Nyiragongo ndilo linaloingiza miale, hasa Juni. Kuanzia Oktoba hadi Machi linapita kusini, na dirisha linalotazama ziwa linapata zamu yake. Hata hivyo, adhuhuri jua liko juu sana na paa lenye upenu mpana linazuia sehemu kubwa. Yenye jua kali mwaka mzima ni madirisha mawili: la mashariki, linalotazama Gisenyi, na la magharibi, linalotazama Sake. La mashariki ndilo ninalolipenda kwa drasena. Jua la asubuhi ni laini, na kwa pazia jepesi jeupe halidhuru chochote. Weka mmea mita moja hadi mbili kutoka hapo. La magharibi lina jua la saa tisa na saa kumi ambalo linachoma, basi usogeze pembeni ya dirisha, miale isiguse majani.

Uhamishe kwa hatua. Umekaa gizani miezi minane, ukiuweka dirishani kesho asubuhi majani yatapauka. Usogeze kidogo kila wiki, kwa wiki tatu. Ukiweza, usiuweke juu ya sakafu ya simenti, maana inapoa usiku na drasena haipendi miguu baridi. Ikishuka chini ya nyuzi 13 inaanza kuumia, na mizizi iliyolowa na baridi kwa pamoja huoza upesi.

Acha mafuta. Najua yanang'arisha siku ya kwanza, lakini yananasa vumbi jeusi la mji wetu na kuziba vitundu ambavyo jani linapumulia. Maziwa ni vivyo hivyo. Kitambaa laini kilicholoweshwa kwa maji ya mvua, mkono mmoja ukiwa umeshika jani kwa chini, inatosha, mara mbili kwa mwezi wakati wa kiangazi. Kwa hayo mafuta yaliyokwisha kuingia, weka tone la sabuni ya vyombo kwenye lita moja ya maji vuguvugu, pangusa mara moja, kisha pangusa tena kwa maji matupu. Ukiwa unapangusa, chungulia kwenye makwapa ya majani. Pamba nyeupe nyeupe pale ni vidung'ata. Watoe kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya hospitali, urudie kila wiki mpaka waishe.

Kuhusu moshi wa makala, nakujibu wazi kwa sababu hili ni la afya yenu. Habari kwamba drasena husafisha hewa inatokana na majaribio ya shirika la NASA la Marekani, yaliyotolewa mwaka 1989, ambayo Janet Craig ilikuwa kati ya mimea iliyojaribiwa. Mimea iliwekwa ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa, na gesi fulani zikapungua. Saloni yenye mlango na madirisha si sanduku. Watafiti walioyapitia majaribio ya namna hiyo mwaka 2019 walikuta kwamba ungehitaji mimea kumi au zaidi kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ilingane na hewa inayoingia yenyewe kupitia milango na madirisha. Na kaboni monoksidi ya babula, ile inayoua watu wakiwa usingizini, usitegemee mmea wowote uiondoe. Babula ikae nje au chini ya dirisha lililo wazi, na isilale ndani na watu. Wale wa Keshero na Bulengo wanaoishi karibu na mazuku, yale mabonde ambamo gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, nao wasidanganywe na mtu kwamba mimea ya ndani itawakinga.

Una watoto au paka? Jani la drasena likitafunwa na paka au mbwa huwatapisha, kwa hiyo liwe juu wasipolifikia.

Zile ncha zilizokufa hazitapona, jani halirudishi kilichokufa. Zikate kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, ukifuata umbo la jani, pande mbili zikutane kwenye ncha mpya, na uache uzi mwembamba wa kahawia bila kugusa kijani. Ukikata ndani ya kijani, kidonda kitakauka na utakuwa na ncha nyingine ya kahawia. Kisha tazama majani mapya ya katikati. Mmea huu ni wa polepole, hivyo utangoja miezi miwili au mitatu kabla ya kupata jibu. Majani mapya yakifunguka na ncha nzima za kijani, maji yako yamekuwa sawa. Yakija yameanza kuungua, kuna chumvi bado, osha udongo tena.

Na kama shina tayari ni laini karibu na udongo, usingoje. Kata kichwa cha mmea kwa kisu kikali, sentimita kumi hadi kumi na tano za shina gumu, ondoa majani ya chini, acha kidonda kikauke kivulini siku moja. Kipande hicho kichomeke kwenye changarawe nyeusi iliyooshwa, iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya mvua, ukifunike kwa mfuko wa plastiki angavu wenye matundu, ukiweke mahali penye joto na mwanga bila jua. Wiki sita hadi kumi. Kivute kidogo; kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Shina la zamani likibaki gumu, liache chunguni na udongo mkavu kiasi, kwa sababu mara nyingi huchipua vichwa viwili chini ya pale ulipokata.